Ndege wa Papa Solange

Solange alinipigia simu siku chache baada ya kumzika mama yake, akasema watu wa kuhamisha vitu wanakuja na yeye hajui vyungu vipi ni vya kutupa na vipi ni vya maana. "Dada Conso, ni wewe tu unayejua kusoma migongo ya vibao hivi," aliniambia. Nikapanda treni kwenda Jordbro, kitongoji cha hapa Uswidi alikoishi mama yake. Nilikuta mlango uko wazi, na ukuta wa korido umejaa vibao vya udongo kama nilivyouacha: bundi, samaki, farasi wenye shingo ndefu, jua lenye uso wa mtu, mji wa nyumba nyembamba zilizobanana. Vyote vya Kijerumani, vyote vilichomwa tanurini kabla mimi sijazaliwa. Waswidi wana neno lao, dödsbo, maana yake mali na makao aliyoyaacha marehemu. Mama Solange aliliogopa neno hilo kwa namna yake, na sasa nyumba yake yenyewe ilikuwa imekuwa hivyo. Watoto wa Solange walikuwa wanakimbizana sebuleni na kugombana kwa Kiswidi. Mimi nilisimama nikitafuta huzuni ndani yangu na sikuiona, mpaka nilipotazama kwenye balkoni na kuona lile beseni la plastiki la buluu limefunikwa juu ya kiti, kavu.

Nilikaa kwenye nyumba ile mwaka mmoja, mwaka niliomaliza chuo, wakati kazi zilikuwa zimekauka kila mahali. Nilikuwa nimesoma kemia. Nilikuwa pia mtu wa kuwaza kila jambo mpaka linakatika vipande. Barua ya kuomba kazi niliisoma na kuirudia mpaka nikawa sijui tena ni nani aliyeiandika. Nikimsalimu dereva wa basi, nilishuka nikiwa bado napima sauti yangu, kama ilikuwa ya chini mno au ya kujipendekeza. Watu walidhani wasiwasi huo ndio ugonjwa wangu, na mimi nilidhani hivyo. Kumbe kulikuwa na kitu kibaya zaidi, siku wasiwasi wenyewe ulipochoka. Ilikuwa vuli, giza lilianza kuingia mchana, na nikaamka asubuhi moja nikiwa na ganzi, kama mguu ulioukalia muda mrefu, ila ganzi hiyo ilikuwa ya mwili mzima na ya kila saa. Nilikula nilichopewa. Nilicheka wengine wakicheka. Chumba changu kilikuwa na kitanda, meza ya kukunja na dirisha linalotazama maegesho ya magari, na nililala kwa kuwa kilikuwa na kitanda.

Mama Solange alinipangisha chumba kile kwa sababu binti yake Solange alikuwa amehamia mjini kwa rafiki. Alikuwa Mkongomani wa Bukavu, mjane, mwanamke mnene mwenye hatua nyepesi, na alifanya usafi kwenye maghala ya eneo la viwanda, ng'ambo ya reli. Mimi ni Mrundi wa Bujumbura, Kiswahili chetu kiligongana kidogo hapa na pale lakini kilielewana. Aliporudi kazini alichemsha chai ya tangawizi, akavua soksi, akaweka simu sikioni na kuzungumza na akina mama wa kanisa. Ukuta wa jikoni ulikuwa mwembamba. Nilimsikia kila siku akisema maneno yaleyale: "Hapana, sijakataa. Niko nasema ndege kwanza. Ndege akipatikana, siku ileile tunaondoa." Nilifikiri anazungumzia tikiti za ndege. Ilinichukua muda mrefu kuuliza, kwa kuwa niliogopa kuonekana nasikiliza, ingawa katika nyumba ile usingeweza kutosikiliza.

Alinieleza jikoni, akimenya vitunguu. Mume wake, ambaye yeye alimwita Papa Solange tu, alitoka nyumbani kwao Bukavu wakati wa vita kwenda kutafuta gari la kuwahamisha, na hakurudi. Hapakuwa na mwili, hapakuwa na kaburi. Kwa hiyo matanga yake hayakuondolewa. Kwetu, na kwao pia, matanga yana mwisho: watu wanakusanyika, wanakula, wanasema mabaki ya maneno, na kuanzia siku hiyo nyumba inaruhusiwa kucheka. Nyumba ya Mama Solange ilikuwa bado haijaruhusiwa, na sasa Solange alitaka kuolewa majira ya joto. Hawezi bibi harusi kutoka kwenye nyumba yenye matanga. Kanisani walimwambia aondoe hata bila kaburi, Mungu anaelewa. Yeye alisema Mungu anaelewa lakini yeye haelewi. Ataweka nini kwenye kiti cha mwenye matanga? Nguo zake zilibaki kule, picha zake zilibaki kule. Alichotaka ni ndege.

"Ndege gani, Mama Solange?"

"Wa ukutani. Wa udongo. Papa Solange alisoma Ujerumani alipokuwa kijana, akatoka naye kule. Alikuwa juu ya redio yetu. Wa rangi ya kahawia, na madoadoa. Yeye alikuwa anasema ni kanga. Mimi nasema ni kware. Kanga hana shingo fupi vile."

"Mligombana kwa ajili ya ndege?"

"Kila Jumapili," alisema, na kisu kikasimama. "Wageni wakija tunawauliza. Hata padri alikataa kuamua."

Alikuwa ameanza kutafuta vibao vya namna hiyo miaka michache kabla yangu, siku alipoona kibao cha bundi kwenye loppis, soko la vitu vikuukuu, hapo Fittja karibu na kituo. Aliutambua mkono, alivyosema. Si ndege aliyemtambua, ni mkono wa mtengenezaji: ile rangi nzito iliyochemka motoni ikaganda kama uji ulioungua, ule udongo mzito, ile ndoano ya waya mgongoni. Tangu hapo akawa ananunua chochote chenye mkono ule, kwa kuogopa kwamba akiacha bundi, ndege naye atapita. Ndivyo ukuta wa korido ulivyojaa.

Lakini kabla kitu hakijafika ukutani kilipitia beseni. Vitu vya masoko yale hutoka kwenye nyumba za wafu, na kwa Mama Solange kitu cha marehemu hakiingii ndani kikavu. Alikiacha nje ya mlango, akaleta beseni la buluu lenye maji ya moto na chumvi, akakizamisha, akakisugua kwa brashi mbele na nyuma, akasema polepole, "Asante, mwenyewe, tumepokea." Kisha akakilaza kwenye balkoni mpaka kesho yake. Jirani yetu Mswidi alidhani tunaosha mboga. Mimi nilitazama utaratibu huo kwa jicho lilelile nililotazamia kila kitu mwaka ule, kama kupitia kioo cha treni.

Kilichonitoa kidogo kwenye kioo kile ni mgongo wa samaki. Mama Solange aliniomba nibebe mifuko Jumamosi moja, tukaenda Jakobsberg, kwenye ukumbi mmoja ambako wastaafu waliuza vitu mezani. Mzee mmoja wa Kiswidi, jina lake Bengt, alikuwa na meza nzima ya vyungu vya Kijerumani. Aliniona nimeshika kibao cha samaki nikiwa sijui nimeshika nini, akakigeuza mikononi mwangu. "Mbele ni kwa ajili ya macho," alisema. "Kinachozungumza ni nyuma." Akanionyesha udongo: kiwanda hiki kilitumia mweupe, kile mwekundu. Akanionyesha tarakimu zilizokandamizwa kabla ya kuchomwa, namba ya umbo na namba ya ukubwa, na lile neno la Ujerumani, nchi ambayo wakati huo ilikuwa imegawanywa nusu. Akanionyesha kikaratasi cha rangi ya fedha kilichobandikwa pembeni, kidogo kama ukucha. "Hiki ndicho kinachokwambia zaidi. Viwanda vilibadilisha vikaratasi kila baada ya miaka kadhaa. Ukikijua kikaratasi, unajua wakati."

Sijui kueleza jinsi jambo lile lilivyonipumzisha. Katika maisha yangu hapakuwa na swali lililokuwa na jibu. Hapa ungegeuza kitu na jibu lipo, limekandamizwa kwenye udongo, halijali unavyojisikia. Nilianza kwenda na Mama Solange kila Jumamosi. Nilijifunza rangi inayotoka mapovu kama jiwe la volkano, na kwa kemia yangu nilijua ni kwa nini, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kemia yangu kumfaa mtu. Sitaki kusema nilifurahi. Ilikuwa kama kidole kimoja kimepata damu.

Ndipo nilipoona kitu kinaelea kwenye beseni. Kilikuwa kikaratasi cha fedha, kinazunguka juu ya maji ya chumvi kama gamba la samaki, na hapo nikaelewa kwamba vibao vyote vya koridoni vilikuwa vimeoshwa mpaka alama ya wakati wake ikatoka. Nilimwambia Mama Solange kwa sauti ambayo baadaye niliiwaza juma zima.

"Unaosha majina yao!"

"Naosha kifo chao," alijibu. "Majina yao nitafanyia nini?"

"Utamjuaje ndege kama ni wa wakati wake? Viwanda vilitengeneza ndege wengi. Wengine ni wa juzi."

Alinitazama, brashi mkononi. Nilidhani atanifukuza. Nilishaanza kufikiria nitalala wapi, na nitamwambia nini Solange, na kama begi langu lina zipu nzima. Akasema, "Basi weye soma mlangoni. Ukishasoma, mimi naosha. Lakini hakiingii kikavu." Tukaishi hivyo. Mimi nilichuchumaa kwenye zulia la nje ya mlango na taa ya simu, nikisoma migongo, naye amesimama juu yangu na beseni lenye mvuke. Waliopanda ngazi walitupita bila kuuliza.

Solange alikuja Jumapili kula, na mchumba wake Deo, kijana mpole aliyemaliza kila sahani. Tulikula ugali na sombe, kisamvu cha kwao, na samaki wadogo wa kukaanga, madirisha yakiwa yamefunguliwa wakati wa theluji ili harufu isiende kwa jirani. Mama alizungumza Kiswahili, binti akajibu Kiswidi. Walielewana hivyo miaka yote, na pia waligombana hivyo. Jumapili moja Solange aliweka kijiko chini. Alisema kwa Kiswidi kwamba ni kibao tu, kwamba ukumbi wa harusi haumsubiri ndege, kwamba baba yake asingejali.

"Ulikuwa mudogo," mama akamwambia. "Unamukumbuka?"

"Namkumbuka," alisema Solange, na mara hiyo alijibu kwa Kiswahili. "Nakumbuka mlivyokuwa mnagombania ndege. Maman, na kama hayupo Uswidi nzima?"

Mama Solange alimwongezea Deo sombe. "Hata mimi sikuwa Uswidi," alisema. "Nikafika."

Nilikaa pale nikijua kwamba napaswa kuumia kwa ajili yao wote wawili, na niliona tu mafuta yakiganda kwenye sahani ya samaki.

Theluji ilipoanza kuoza barabarani Bengt alinipigia simu. Alikuwa amenunua vyombo vya mama mmoja aliyefariki, na kulikuwa na ndege. Mama Solange alikuwa kazini, nikaenda peke yangu. Alikuwa amemfunga kwenye gazeti. Alikuwa wa kahawia, ana madoadoa meupe, shingo imevutwa ndani kama anayesikia baridi, na rangi yake ilikuwa imechemka na kuganda vilevile kama uji ulioungua. Kila kitu alichokisimulia Mama Solange kilikuwepo. Nikamgeuza. Udongo mwekundu, tarakimu, na kikaratasi cha fedha hakijaguswa na maji. Nilikijua kikaratasi kile kabla Bengt hajafungua mdomo. Kilianza kubandikwa mwishoni mwa miaka ya sabini. Papa Solange alikuwa ametoka Ujerumani zamani, ameshaajiriwa Bukavu, ameshaoa.

Nilirudi na treni nimempakata kwenye gazeti lake, na kichwa changu, kilicholala miezi yote, kikaamka na kuanza kazi yake. Ama huyu si ndege yule, ama Papa Solange hakutoka na ndege Ujerumani. Nikisema, nitakuwa nimemnyang'anya Mama Solange ama ndege ama mume. Nikinyamaza, ataweka kwenye kiti cha mume wake kitu ninachokijua mimi na yeye hakijui, na atanitazama, na uso wangu utasema wenyewe. Naweza kukibandua kikaratasi humu ndani ya treni kwa ukucha. Beseni litakitoa hata nisipokibandua. Lakini atauliza, ndiyo ilikuwa kazi yangu, kusoma. Nilipita Jordbro na kulazimika kurudi.

Mama Solange alikuwa ameshafika. Sikuwa nimemwambia naenda wapi, lakini aliniona na gazeti akaenda kuleta beseni bila kuongea. Nilifungua gazeti mlangoni. Alimtazama ndege muda mrefu, kisha akakaa kwenye kigoda cha kuvulia viatu.

"Ni yee," alisema. Halafu, kwa kuwa makubaliano ni makubaliano: "Umesoma?"

"Nimesoma."

"Inasema nini?"

Nilikuwa nimeandaa maneno mengi. Yote yaliondoka. "Inasema alitengenezwa baada ya Papa Solange kurudi. Miaka mingi baadaye. Hawezi kuwa alitoka naye Ujerumani, Mama. Huyu, au mwenzake yeyote wa namna hii."

Mvuke wa beseni ulimpanda usoni. Nilisubiri nilichostahili, alie au anitoe mlangoni. Mabega yake yakaanza kutikisika, na nikachukua muda kuelewa kwamba anacheka.

"Bujumbura," alisema. "Kwenye maduka ya Wagiriki. Nilikuwa nimeolewa naye mwaka moja, akaenda Bujumbura kwa kazi, akarudi, akamutoa kwenye sanduku. Akasema, huyu nilimuficha kwa rafiki, nilitoka naye Ujerumani, nilikuwa nachunga mpaka nipate mwanamke wa nyumba yangu. Yeye Papa Solange!" Alijifuta macho kwa mkono wenye chumvi, akaumia, akacheka tena. "Miaka yote niko napangusa vumbi ya Ujerumani. Kumbe ya Bujumbura."

Nilitaka kumwambia kwamba hilo halithibitishi kitu, kwamba kiwanda kilitoa ndege wengi wa aina moja na nyingine zinazofanana, kwamba huenda alisahau mwaka. Nilikuwa na sentensi yote mdomoni. Akanyoosha mikono, nikampa ndege, akamzamisha. Kikaratasi kilishikilia kidogo, kikaachia, kikaelea. "Asante, mwenyewe," alimwambia mwanamke wa Kiswidi ambaye hatukumjua. "Tumepokea."

Matanga yaliondolewa mwezi uliofuata, Jumamosi mchana, sebuleni pale pale. Walikuja Wakongomani na Warundi na Wanyarwanda wachache wa kanisani, viatu vikajaa koridoni chini ya bundi na farasi. Ndege aliwekwa kwenye kiti cha mbao chenye kitenge, kwa sababu ya kukosa kingine chochote. Akina mama walipika wali, maharage, ndizi na kuku, na mzee mmoja wa Bukavu aliyemfahamu marehemu alisimulia jinsi alivyokuwa bahili wa sukari. Ikafika zamu ya mjane kusema maneno ya mwisho. Mama Solange alisimama, akashika mgongo wa kiti.

"Papa Solange," alisema, "nimekukamata na uongo moja. Umekufa, huwezi kujitetea, basi nakupatia na wewe ushindi moja. Nakubali. Ni kanga."

Mzee wa Bukavu alicheka mpaka akakohoa. Wengine walicheka kwa kuwa yeye alicheka. Solange alijifunika uso kwa kitambaa cha meza, na Deo akamshika bega. Na mimi nilikuwa nimesimama mlangoni mwa jikoni na sahani za kuosha, nikangoja kitu kinijie, na kilichokuja kilikuwa kidogo, kama miguu ikianza kuchomachoma baada ya ganzi. Inauma zaidi kuliko ganzi yenyewe. Niliosha sahani. Solange aliolewa majira ya joto, mimi nikapata kazi ya maabara mji mwingine, nikahama. Baadaye nimewahi kuulizwa ni nini kilichoniponya mwaka ule, na huwa sijui la kujibu, kwa kuwa sijui kama nilipona au nilianza tu kuhisi kuumwa.

Haya yote nilikuwa nayawaza kwenye korido ya Jordbro, nikigeuza vibao kimoja kimoja kwa ajili ya Solange. Havikuwa na vikaratasi. Nilimwambia kwa udongo na kwa tarakimu, hiki cha kiwanda hiki, kile cha kile, hiki mtu atakipenda, kile mpe yeyote. Ndege alikuwa ametundikwa juu ya redio ya sebuleni, kama alivyokuwa Bukavu. Solange alimshusha mwenyewe, akamfuta kwa kiganja.

"Huyu ni wako," aliniambia. "Maman alisema. Alisema Conso apewe kanga."

"Alisema kanga?"

"Tangu siku ile hakusema kingine."

Nilimchukua ndani ya gazeti, kama alivyokuja. Nyumbani kwangu nilisimama nje ya mlango wangu mwenyewe na funguo mkononi, kisha nikamlaza juu ya zulia, nikaingia kutafuta beseni. Nilikuwa na sufuria kubwa tu. Nikatia maji ya moto na chumvi. Nilimsugua mbele na nyuma, ingawa hapakuwa na kitu cha kutoka, nikasema maneno yanayosemwa, na mara hii nilimjua mwenyewe ni nani. Jirani alipita na mbwa, akanisalimu, na sikuiwaza sauti yangu.

Kesho yake nilimtundika. Solange alinipigia jioni kuuliza kama amefika mzima.

"Amefika," nilimjibu. "Lakini Solange, huyu ni kware."

"Maman alishakubali," alisema.

"Yeye alikubali," nikamwambia. "Mimi bado."